Iraida Savelyevna, Aliyekataa Kimya cha Moto

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo usije ukaunguza chakula. Kama uko barabarani, endesha polepole, leo theluji inateleza. Halafu tega sikio. Jioni hii tunamkumbuka mama mmoja wa mji huu, mama ambaye hakupenda kabisa kukumbukwa kwa sauti ya chini.

Jina lake ni Iraida Savelyevna Kolchina. Alikuwa mhandisi wa redio. Alifariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake, ng'ambo ya mto, akiwa na umri wa miaka themanini na sita. Wengi wenu hamkumjua kwa jina hilo. Mlimjua kama bibi wa ndoo, yule aliyekuwa akiingia madarasani na ndoo ya bati mkono mmoja na redio ndogo mkono wa pili. Habari za ndoo tutazifikia. Kwanza tuanze na kimya, maana maisha yake yote alipigana na kimya.

Iraida Savelyevna alizaliwa hapahapa, kabla ya vita. Baba yake alikuwa mwendesha redio katika ndege za mizigo, kule kaskazini kwenye barafu. Iraida akiwa mtoto wa miaka sita, alikuja ofisa mmoja nyumbani. Alivua kofia mlangoni, akakataa kukaa. Akasema ndege ilikuwa inazungumza vizuri, halafu ikanyamaza.

Mama yake Iraida alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya.

"Ikanyamaza, halafu?" akauliza.

"Halafu basi, mama. Ilinyamaza."

"Kunyamaza si kufa," mama akasema. "Mume wangu hata akiwa mzima ni mkimya. Nenda ukaniletee habari nyingine."

Habari nyingine haikuja. Hakuna ndege iliyopatikana, hakuna kaburi lililochimbwa. Mle jikoni ukutani kulikuwa na kipaza sauti cheusi cha redio ya waya, kama kilivyokuwa katika kila nyumba wakati ule. Tangu siku hiyo mama alikataza mtu yeyote kukizima. Kilizungumza mchana, kiliimba jioni, asubuhi kiliwaamsha kwa mazoezi ya viungo. Mama alikisikiliza hadi uzeeni, kana kwamba siku moja katikati ya bei za ngano angesikia sauti ya mumewe.

Mjukuu wa Iraida Savelyevna anaitwa Aglaya. Yeye ni daktari wa meno katika hospitali yetu. Nilipomtembelea juzi aliniambia hivi: "Bibi alikuwa akisema, baba yake hakumpoteza kwa barafu, alimpoteza kwa neno lile. Ilinyamaza. Alilichukia neno hilo kama unavyomchukia mtu."

Basi mtoto huyo akakua. Akasoma, akawa mhandisi, akaajiriwa katika taasisi yetu ya vyombo vya angani, ile yenye ukuta mrefu ambayo nusu ya mji huu imefanya kazi ndani yake na nusu nyingine imeoa huko. Hapo akakutana tena na kimya kile, safari hii kikiwa kimevaa koti jeupe la maabara.

Tueleze kidogo, wasikilizaji, kwa sababu bila hili hamtaelewa mengine. Chombo kinaporudi kutoka angani kinaingia kwenye hewa kwa kasi isiyosemeka. Hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kukimbia. Inabanwa, inapata joto kali, inachanika vipandevipande vyenye umeme. Wanasayansi huiita plazima. Moto huo hukivaa chombo kama shati. Na redio haipenyi shati hilo. Sauti ya aliye ndani haitoki, na sauti ya waliopo chini haiingii. Dakika kadhaa hivi, zile dakika mbaya kuliko zote, hakuna ajuaye kama walio ndani wazima au la.

Narudia: chombo kinarudi, moto unakizunguka, redio inakufa. Hicho ndicho kimya chenyewe.

Katika ukumbi wa kuongozea watu walikuwa wamekizoea. Walikuwa hata na desturi yake. Kila mtu alikuwa na chai yake kwenye glasi yenye kishikio cha chuma. Kimya kikianza, wote walitoa vijiko vyao na kuvilaza mezani. Hakuna aliyekoroga chai mpaka sauti irudi. Kukoroga chai wakati chombo kimenyamaza ilikuwa kama kumchimbia kaburi aliye ndani.

Iraida Savelyevna alipoiona desturi hiyo mara ya kwanza, hakusema kitu. Mara ya pili alisema, na alisema ukumbi mzima ukamsikia: "Tumeugeuza ubovu wa mitambo yetu kuwa ibada."

Mkuu wa idara yake alikuwa Profesa Gleb Yevgrafovich, mtu wa heshima, mwenye ulimi. Alimtazama juu ya miwani.

"Iraida Savelyevna, kimya cha dakika chache hakijamuua mtu."

"Unajuaje? Si walikuwa kimya."

"Hata wanawake hunyamaza kidogo kwa siku. Acha chombo nacho kipumzike."

"Chombo kikinyamaza, Gleb Yevgrafovich, kuna mtu ndani. Wewe ukinyamaza hatupotezi kitu."

Watu walicheka kwenye viganja. Lakini tangu siku hiyo kila mtu alijua kwamba mhandisi Kolchina, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, ametangaza vita na moto.

Silaha yake ilikuwa maji. Msishangae. Alifikiri hivi: kinachozuia redio ni vile vipande vya umeme vilivyotapakaa katika hewa ya moto. Ukirusha matone madogo ya maji mbele ya antena, kwa nguvu, matone hayo yatavinasa vile vipande na kuupoza moto mahali pale. Patatoboka tundu. Si kubwa. Tundu la kupitisha sauti ya mtu tu.

Akatengeneza tangi dogo na bomba jembamba lililopita chini kabisa ya ngozi ya chombo. Majaribio yangefanyika nyikani, kusini, katikati ya majira ya baridi. Maji matupu yangeganda bombani kabla roketi haijawashwa. Kwa hiyo akayachanganya na spiriti, ile pombe kali tupu, ili yasigande. Akaagiza spiriti safi kabisa ya maabara, kiasi kilekile kilichohitajika, bila tone la ziada.

Wale mliofanya kazi ndani ya ukuta ule, mmeshaanza kutabasamu. Mnajua kosa lilikuwa wapi. Aliagiza kiasi kilekile kilichohitajika.

Siku zile spiriti haikuingia katika karakana yoyote bila karakana kuchukua haki yake. Haikuandikwa popote, ila hakuna asiyeijua. Wahandisi wakongwe waliagiza mara mbili ya wanachohitaji, nusu kwa ajili ya mitambo, nusu kwa ajili ya amani. Iraida Savelyevna alikuwa bado mgeni wa mambo hayo. Na alikuwa na kiburi cha hesabu: hesabu ikitoka sawa, aliamini dunia nayo iko sawa.

Roketi ya kwanza ikaruka. Ikapanda, ikageuka, ikaanza kushuka na chombo chake kisicho na mtu. Ndani yake redio ilikuwa inatuma mlio mmoja mfululizo. Vijiko vikatolewa, vikalazwa mezani. Mlio ukakatika. Iraida Savelyevna alikuwa amesimama, mikono mgongoni, akisubiri tangi lake lifanye kazi.

Halikufanya kazi. Kimya kilianza palepale kinapoanza siku zote, kikaisha palepale kinapoishia.

Profesa akachukua kijiko chake, akakoroga chai taratibu. "Haya, mama," akasema. "Maji yako yameuzima moto, au moto umeyanywa maji?"

Iraida alipanda gari na kikosi cha kutafuta chombo, wakaenda nyikani kukichukua. Pamoja naye alikuwa fundi mkuu wa karakana, Demyan Kuzmich, mwanaume mnene wa makamo mwenye mikono kama makoleo. Demyan ndiye aliyelifunga tangi. Njia nzima, Demyan, ambaye kwa kawaida gari zima lingekuwa linamwomba anyamaze, hakusema neno.

Walikikuta chombo kimelala ubavu kwenye theluji, cheusi kama sufuria ya zamani. Iraida akapiga magoti, akafungua kifuniko. Bomba lake lilikuwa limepasuka kwa urefu, kama ganda la maharage. Akavua glovu, akapitisha kidole ndani ya mpasuko.

"Demyan Kuzmich."

"Naam, mhandisi."

"Bomba hili limepasuliwa na barafu."

"Baridi kali mwaka huu."

"Mchanganyiko wangu haugandi hata baridi iwe mara mbili ya hii. Maji matupu ndiyo yanaganda." Akamgeukia. "Mle ndani mlitia nini?"

Demyan alitazama nyika. Nyika haikuwa na cha kumsaidia.

"Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya fundi mwenzetu," akasema mwishoni. "Anastaafu. Mtu amefanya kazi miaka yote, unamuaga kwa chai?"

"Mlikunywa tangi langu."

"Hatukuliacha tupu, mama. Sisi si wezi. Tulirudishia maji, tone kwa tone, mpaka kwenye alama. Tukasema, si wanasema ni la kumwagia maji? Maji ni maji. Hiyo spiriti tukadhani mmeongeza tu kwa ajili yetu. Wenzako wote huongeza kwa ajili yetu."

Aglaya anasema bibi yake alilisimulia jambo hili kila mwaka mezani, na kila mwaka alipofika hapa alinyamaza kidogo, ndiyo mara pekee alipokubali kunyamaza. Kwa sababu pale kwenye theluji alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa rahisi. Aseme ukweli wote mbele ya tume: karakana imekunywa mali ya serikali na kuharibu roketi. Angesafishika siku hiyohiyo. Na Demyan na wenzake wangepelekwa mahali ambako barua hazifiki upesi. Wake zao wangekaa majikoni kusubiri habari. Majiko hayo aliyafahamu.

Njia ya pili ilikuwa kubeba mwenyewe.

Tume ikakaa. Mwenyekiti alikuwa mwanajeshi mwenye sauti ya kuchoka. Akauliza kwa nini bomba lilipasuka.

"Kioevu kiliganda," Iraida akajibu. "Kosa ni langu. Sikuwaeleza mafundi kwa nini mchanganyiko uko vile ulivyo. Mtu asiyeelezwa kazi hawezi kuilinda."

"Nani aliubadilisha?"

"Nimeshasema kosa ni la nani."

Profesa Gleb Yevgrafovich akashusha pumzi. "Wenzangu, tuache ushujaa. Njia yenyewe haifai. Ina uzito, ina mabomba, na sasa tumeona ina barafu. Tumeishi na kimya, tutaendelea kuishi nacho."

Iraida akasimama. Hakuwa ameruhusiwa kusimama.

"Mnaoishi nacho ni nyinyi mnaokunywa chai," akasema. "Yule aliye ndani hajui kama kuna anayemsikia. Mkewe hajui kama bado ana mume. Mnasema ni dakika chache. Mama yangu aliambiwa maneno ya namna hiyo wakati wa vita, na hadi leo hajazima redio. Imebaki roketi moja ghalani. Naitaka."

Mwenyekiti akauliza: "Na ikinyamaza tena?"

"Hamtaniona tena kwenye taasisi hii. Na karatasi zangu mtazifungia samaki."

"Andika: imekubaliwa," mwenyekiti akamwambia karani wake.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, shikeni jambo moja hapa. Roketi moja. Nafasi moja. Ikifaulu, njia ya maji inaishi. Ikinyamaza, Iraida Savelyevna Kolchina anaondoka, na kazi yake inatupwa.

Tungetegemea mtu wa namna hiyo afanye nini? Aweke makufuli, aweke askari. Yeye alikwenda karakana na ndoo.

Ndoo ya bati, yenye kifuniko cha bati. Aliwaita mafundi wote, akawasha redio ndogo ya mkononi. Redio ikaanza kuimba. Akaitumbukiza ndani ya ndoo, akafunika. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Akafunua, wimbo ukaendelea. Akafunika tena, ukakatika.

"Mnaona?" akasema. "Redio haijafa. Mule ndani imo, inasubiri. Mawimbi yanagonga bati na kurudi yalikotoka."

Demyan akasogea, akaizunguka ndoo. "Kwa hiyo yule mtu anayerudi yuko kwenye ndoo."

"Ndoo ya moto. Na sisi tunataka kuitoboa."

Akawaeleza vipande vya umeme, akawaeleza matone yanavyovinasa, akawaeleza baridi na bomba. Hakuwaficha kitu. Walimsikiliza kama watu walioalikwa ndani ya nyumba ambayo kwa miaka mingi walikuwa wakiipaka rangi kwa nje tu.

"Mhandisi," Demyan akasema, "kwani lazima spiriti? Tia chumvi. Mke wangu ana pipa la matango barazani, maji yake ya chumvi hayagandi mpaka baridi iwe ya kuua kunguru."

"Wazo zuri, lakini chumvi ni adui. Ukirudi nyumbani tupa chembe ya chumvi kwenye moto wa jiko. Utaona unakuwa wa njano. Chumvi ikiungua inatoa umeme wake yenyewe. Tutakuwa tunaiziba ndoo badala ya kuitoboa."

"Basi lazima spiriti."

"Lazima spiriti."

Demyan akajikuna shingo. "Umetuweka pabaya, binti."

"Najua. Profesa anataka niweke askari mlangoni."

"Askari?" Demyan akacheka, na karakana nzima ikacheka naye. "Ukileta askari itabidi tumnyweshe na yeye. Ni mgeni."

Kicheko kilipokwisha, Iraida akaweka kinasa sauti mezani, mbele ya Demyan. Safari hii, akasema, chombo hakitatuma mlio. Kitatuma sauti ya mtu. Mlio hauna mke wala mtoto. Anataka sauti ya mtu itoke ndani ya moto.

"Sauti ya nani?"

"Yako."

Demyan akarudi nyuma hatua moja. "Mimi niseme nini huko juu?"

"Unalijaza tangi wewe. Unalifunga wewe. Sema ukweli wa tangi, utarudiwa njia nzima."

"Na kama ukweli haupo?"

"Basi hakuna atakayekusikia."

Demyan aliitazama ndoo, akaitazama mashine, akavua kofia kana kwamba yuko mbele ya mkwe. Akasogeza mdomo karibu. "Mimi ni Demyan wa karakana," akasema. "Tangi limejaa. Sijaonja."

Habari hiyo ilipofika kwa mwenyekiti wa tume, alimpigia simu Iraida. Alisema mahasimu wanasikiliza mawimbi yetu yote, na jina la mtu halitajwi hewani.

"Watajua nini?" Iraida akamjibu. "Kwamba tuna fundi ambaye hajaonja? Hawataamini."

Upande wa pili wa simu kikasikika kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Ruhusa ikatoka.

Roketi ya pili iliruka siku angavu yenye baridi kali kuliko ya kwanza. Demyan alilijaza tangi mwenyewe, mafundi wenzake wakiwa wamesimama nyuma yake. Inasemekana wakati spiriti ikimiminwa kuna aliyefumba macho, kwa uchungu. Lakini ilimiminwa yote.

Ukumbini watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Chombo kilipoanza kushuka, sauti ya Demyan ilikuwa inasikika safi, nene, ikijirudia. Mimi ni Demyan wa karakana. Tangi limejaa. Sijaonja. Mimi ni Demyan wa karakana. Watu walitabasamu. Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Ikakwaruza zaidi. Ikakatika.

Vijiko vikatoka kwenye glasi, vikalazwa mezani, kimoja baada ya kingine. Kikabaki kijiko kimoja.

Iraida Savelyevna alikuwa hajatoa chake. Alikishika humohumo ndani ya chai, akaanza kukoroga. Kijiko kiligonga glasi, kling, kling, katikati ya ukumbi uliokuwa hauna hata pumzi. Mtu wa karibu akamshika mkono. Iraida akauchomoa.

"Kolchina," Profesa akanong'ona, "una wazimu?"

Akaendelea kukoroga.

Tangi lake halikurusha maji mfululizo. Lilirusha kwa vishindo, kidogokidogo, ili lisimalizike mapema. Kwa hiyo sauti haikuja kama mto. Ilikuja kwa vipande, kila kishindo cha maji na kipande chake. Kwanza mkwaruzo. Halafu, kutoka katikati ya moto ambao hakuna sauti iliyowahi kutoka humo mbele ya watu wale:

"...Demyan wa..."

Kimya.

"...jaa. Si..."

Kimya.

"...Tangi lime..."

Wengine wanasema watu walipiga kelele. Aglaya anasema hapana, bibi yake alikuwa anakumbuka vizuri. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walisimama tu, midomo wazi, kama wanaomsikiliza mtu akibisha mlango ambao kwa miaka waliambiwa ni ukuta. Demyan mwenyewe alikuwa kwenye kizingiti na kofia yake mkononi. Alijisikia akiongea kutoka kwenye moto, na machozi yakamtoka mtu yule mnene, yakashuka hadi kwenye sharubu.

Kipande cha mwisho kilikuja tangi likiwa linakauka. "...Tangi limejaa. Sija..."

Hapo maji yakaisha. Moto ukaziba tundu. Ukumbi ukasubiri neno lililobaki, na halikuja.

Profesa Gleb Yevgrafovich akakohoa. Alikuwa amepauka, lakini ulimi wake ulikuwa bado mzima. "Hakumaliza," akasema.

"Amemaliza," Iraida akajibu. "Kama angeonja, tusingemsikia."

Akaweka kijiko mezani, akanywa chai yake.

Wasikilizaji wapendwa, ningependa kuwaambia kwamba tangu siku hiyo hakuna chombo kilichonyamaza tena. Sivyo ilivyokuwa. Tume ilimpongeza, ikampa medali ndogo, ikasema tangi ni zito mno kwa vyombo vya watu. Mradi ukafungwa. Vijiko vikaendelea kulazwa mezani kwa miaka mingi mingine.

Lakini yeye hakufungwa. Aliandika, alibisha, alisafiri mikutanoni na kukaa safu ya mbele ili asikike akiguna. Baadaye alihimiza njia nyingine: moto ni mnene mbele na ubavuni, mgongoni ni mwembamba, basi elekezeni antena nyuma na juu, zungumzeni na setilaiti, msitazame ardhi tu. Vijana waliofanya kazi hiyo walimwita kila walipokwama. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini, na aliwafokea kama watoto wake.

"Alikuwa akiniuliza kila chombo kikitua," Aglaya anasema. "Hakuuliza kama kimetua salama. Aliuliza, walinyamaza muda gani? Nikimwambia muda umepungua, alikuwa anasema, bado. Hakuwahi kusema inatosha."

Na ndoo aliendelea nayo. Aliibeba shule kwa shule katika mji huu. Aliwafunikia watoto redio, akawafunulia, akawauliza: mngetoboaje? Baadhi yenu mnaonisikiliza mlijibu swali hilo mkiwa na miaka tisa. Mimi pia nilijibu. Nilisema tutumie msumari. Hakunicheka. Alisema, "Leta msumari, tuone."

Na Demyan Kuzmich? Aliendelea kunywa, lakini vyake. Karakana yake haikugusa tangi la mtu tena, na wahandisi waliozoea kuagiza mara mbili walishangaa kuona nusu inarudi. Alifariki zamani. Iraida Savelyevna alikwenda mazishini, na watu waliposimama kwa dakika ya kimya, yeye alizungumza dakika nzima. Alimwambia marehemu habari za kazini.

Ndiyo maana aliacha maagizo. Aglaya alinisomea, ni mstari mmoja tu: mkinisimamia dakika ya kimya, nitaamka niwafukuze.

Ijumaa tulimzika. Padri alimaliza, watu wakavua kofia, na kwa mazoea vichwa vikaanza kuinama. Aglaya akasema kwa sauti, "Bibi amekataza." Tukatazamana. Halafu mtu mmoja akaanza kumwambia marehemu habari za mabomba ya maji mtaani kwetu. Mwingine akamwambia kwamba mwanawe ameingia chuo. Baada ya muda kidogo makaburini kote watu walikuwa wanaongea kwa pamoja, kila mtu na lake, mvuke ukitoka midomoni, na hakuna aliyeona aibu. Sijawahi kuona mazishi ya namna ile. Nilirudi nyumbani nikiwa na nguvu, si na huzuni.

Aglaya, na wewe Luteni Nazar, mjukuu uliye kambini kaskazini na hukuweza kuja, na wafanyakazi wote wa taasisi waliomjua: poleni sana. Mji mzima umefiwa pamoja nanyi. Mama yule alibeba makosa ya wengine mgongoni na hakuwahi kuyapeleka majina yao mbele ya wakubwa. Majina tumeyajua kwa sababu wenyewe waliyasema.

Na wewe unayesikiliza, yupo mtu ambaye mmenyamaziana. Mnasema ni siku chache tu, itapita. Jioni hii fikiri yuko upande gani wa ule moto, na kama anajua kuna anayemsikiliza. Usimsubiri yeye. Maji yako yakitosha neno moja, litume hilo moja.

Kituo chetu kina desturi ya kukaa kimya dakika moja kwa ajili ya marehemu. Leo hatukai. Jumba la makumbusho la taasisi limetuazima utepe, ule uliorekodiwa ukumbini siku ya roketi ya pili. Mtasikia mkwaruzo mwingi. Mtasikia kijiko kinagonga glasi, huyo ni yeye. Halafu mtamsikia Demyan. Utepe unakatika kabla ya neno la mwisho. Limalizieni wenyewe, huko mliko, na mlimalizie kwa sauti.

"...Tangi limejaa. Sija..."